Profesa Aliyehoji Ukimya wa Madaktari

Mara mbili katika maisha yake, Profesa Jay Katz wa Chuo Kikuu cha Yale aliitwa na serikali ya Marekani kuketi kwenye jopo la kuchunguza yale ambayo watafiti wa tiba waliwafanyia watu bila kuwaambia ukweli. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1972, ya pili mwaka 1994. Na mara zote mbili, wenzake walipomaliza kuandika ripoti na kuridhika nayo, yeye aliongeza maneno yake mwenyewe. Alikubaliana nao kwa mengi. Kilichomsumbua ni kile walichokizunguka bila kukigusa.

Jina lake si maarufu kwetu. Mwanafunzi wa sheria Nairobi au Dar es Salaam anayesoma uzembe wa madaktari huanzia kwenye kesi ya Bolam, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957, ambayo humpima daktari kwa kigezo cha madaktari wenzake: je, wataalamu wa fani yake wangekubali alichofanya? Katz alitumia zaidi ya miaka 40 kuuliza swali kutoka upande wa pili wa kitanda. Mgonjwa aliambiwa nini? Aliulizwa nini? Na kama hakuambiwa wala kuulizwa, ukimya ule ulimlinda nani? Naamini hakuna mwalimu wa sheria ya afya na maadili ya tiba ambaye kazi yake inatufaa zaidi leo, hasa katika hospitali zetu ambako karatasi ya ridhaa mara nyingi humfikia mgonjwa akiwa tayari amevalishwa gauni la upasuaji.

Alizaliwa Oktoba 1922 katika mji wa Zwickau, Ujerumani, kwenye familia ya Kiyahudi. Alikuwa mtoto wa miaka kumi Hitler alipotwaa madaraka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 familia ikatoroka, na hatimaye ikaingia Marekani. Kijana akasoma Chuo Kikuu cha Vermont, kisha akapata shahada ya udaktari Harvard mwaka 1949. Akabobea katika magonjwa ya akili huko Yale, mjini New Haven, na akajifunza pia uchambuzi wa nafsi kwa njia ya Freud. Hakuwahi kuwa wakili. Lakini mwaka 1958 Kitivo cha Sheria cha Yale kilimpa nafasi ya kufundisha, na huko ndiko alikojenga jina lake, akiwa daktari katikati ya wanasheria.

Nafasi hiyo ina maelezo yake. Yale ya miaka hiyo iliamini kwamba sheria haiwezi kusomwa peke yake, ikajaza kitivo chake watu wa fani nyingine. Katz aliungana na mwanasheria Joseph Goldstein, wakatoa kitabu kikubwa cha kufundishia juu ya familia na sheria mwaka 1965, na kingine mwaka 1967, safari hii pamoja na Alan Dershowitz, juu ya uchambuzi wa nafsi, magonjwa ya akili na sheria. Vilikuwa vitabu vya darasani, vilivyojaa hukumu, barua, ripoti na maswali, na mwalimu hasemi sana. Mtindo huo ndio ulioibeba kazi yake kubwa ya kwanza.

Kazi hiyo ilitokana na kusoma kumbukumbu za kesi ya madaktari wa Kinazi. Kesi hiyo ilifunguliwa Nuremberg Desemba 1946 mbele ya majaji wa Kimarekani. Walioshtakiwa walikuwa 23, na 20 kati yao walikuwa madaktari. Agosti 1947 watu 16 walitiwa hatiani, saba wakahukumiwa kunyongwa. Ndani ya hukumu majaji waliweka kanuni kumi za kufanya majaribio juu ya binadamu, na ya kwanza ilitamka kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio ni lazima, pasipo mjadala. Katz, aliyekuwa na kila sababu ya kuwachukia madaktari wale na kuishia hapo, aliona jambo ambalo wengi hawakutaka kuliona. Baadaye aliandika kwamba madaktari wa Marekani na Ulaya waliipokea kanuni ile kama sheria ya kuwafunga washenzi. Wao, watu wema wenye nia njema, waliona haiwahusu.

Ushahidi haukuwa mbali. Mwaka 1963, katika hospitali ya wagonjwa wa muda mrefu huko Brooklyn, New York, watafiti waliwadunga wazee 22 chembe hai za saratani ili kuona miili yao itazikataa kwa kasi gani. Wagonjwa waliambiwa ni kipimo tu cha kinga ya mwili. Neno saratani halikutajwa, kwa hoja kwamba lingewatia hofu bure. Madaktari watatu vijana, Wayahudi, walikataa kushiriki na wakaikumbuka Nuremberg waziwazi. Mamlaka ya jimbo iliwaona wakubwa wawili wa jaribio lile kuwa na hatia, lakini adhabu ikaishia kwenye kipindi cha kuangaliwa mwenendo. Miaka michache baadaye mtafiti mkuu alichaguliwa kuwa rais wa chama cha watafiti wa saratani wa Marekani.

Kesi hiyo ndiyo Katz aliyoiweka mwanzoni mwa kitabu chake cha 1972 juu ya majaribio kwa binadamu, alichokitunga akisaidiwa na wanafunzi wake wa zamani Alexander Capron na Eleanor Swift Glass. Kina kurasa zaidi ya 1,100. Angeweza kuanza na Auschwitz, na hakuna ambaye angemlaumu. Alianza na hospitali ya Brooklyn, pamoja na watu waliosoma vyuo vizuri na kwenda sinagogi au kanisani, ili mwanafunzi asipate upenyo wa kusema haya ni mambo ya wengine.

Mwaka huohuo, Julai 25, 1972, shirika la habari la Associated Press lilitoa taarifa iliyoandikwa na Jean Heller. Ilihusu Macon, wilaya ya wakulima maskini weusi katika jimbo la Alabama, ulipo mji wa Tuskegee. Tangu mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya serikali ya Marekani ilikuwa ikiwafuatilia wanaume weusi wapatao 600. Wanaume 399 kati yao walikuwa na kaswende, 201 hawakuwa nayo. Lengo lilikuwa kuona ugonjwa unavyomla mtu asiyetibiwa, hadi afe na mwili upasuliwe. Wanaume hawakuambiwa wana kaswende. Waliambiwa wana damu mbaya. Walipewa vipimo, vidonge visivyo na maana, chakula siku ya kupimwa, na ahadi ya fedha za mazishi. Walipotakiwa kutolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, kitendo chenye maumivu kilichokuwa kwa faida ya utafiti peke yake, waliandikiwa barua ikisema hiyo ni nafasi ya mwisho ya kupata tiba maalumu ya bure. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende mwishoni mwa miaka ya 1940, hawakupewa.

Hakuna aliyeficha utafiti huu, na ndilo jambo linaloniumiza zaidi kila ninapousoma. Matokeo yake yalikuwa yakichapishwa katika majarida ya tiba tangu mwaka 1936. Maelfu ya madaktari waliyapata mezani kwao, wakasoma majedwali ya vifo, wakafungua ukurasa uliofuata. Aliyeandika barua za kulalamika ndani ya idara na hatimaye kuwapa waandishi wa habari nyaraka alikuwa Peter Buxtun, mfanyakazi wa ngazi ya chini ambaye hakuwa daktari kabisa.

Serikali iliunda jopo la watu tisa chini ya uenyekiti wa Dkt. Broadus Butler, na Katz akawa mmoja wao. Ripoti ya mwaka 1973 ilisema utafiti ule haukuwa na uhalali wa kimaadili hata ulipoanza. Kwa kamati ya serikali, hayo yalikuwa maneno mazito. Kwa Katz hayakutosha. Katika maoni aliyoyaambatisha alisema kumbukumbu zilizokuwa mbele ya jopo zinaonyesha wazi kwamba wanaume wale hawakutoa ridhaa yoyote, bali walitumiwa, wakachezewa, wakadanganywa. Kusema tu kwamba hakuna ushahidi wa ridhaa ni kuacha shaka mahali pasipo na shaka. Ukisema karatasi haikuonekana, umezungumzia uzembe wa masijala. Ukisema watu walidanganywa, kuna waliodanganya, na wana majina na vyeo.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ile isiyokumbukwa sana, nayo kwa maoni yangu ina uzito uleule. Katz aliongoza kamati ndogo ya jopo iliyotazama kanuni za utafiti zilizokuwapo wakati huo. Ilipendekeza Bunge la Marekani liunde bodi ya kudumu ya taifa, yenye mamlaka yake yenyewe, ya kusimamia majaribio yote juu ya binadamu na kuchapisha maamuzi yake ili umma uyasome. Alikwenda pia mbele ya kamati ya Seneti ya Edward Kennedy kulitetea wazo hilo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1974 ilichukua nusu tu. Iliunda tume ya muda, ambayo mwaka 1979 ilitoa Ripoti ya Belmont juu ya maadili ya utafiti, na ikaacha usimamizi mikononi mwa kamati za ndani za vyuo na hospitali zilezile zinazofanya utafiti. Mfumo huo wa kamati za ndani ndio ulioenea duniani, na umefika kwetu pia. Anayetaka kujua kwa nini kamati ya maadili ya taasisi huona vigumu kuizuia taasisi yake kupokea fedha za mradi mkubwa, arejee mwaka ule.

Baada ya hapo Katz aligeukia mahakama. Huko Marekani majaji walikuwa wameanza kusema kwamba daktari anawajibika kumweleza mgonjwa kabla ya kumtibu. Hukumu inayotajwa sana ni ya California ya mwaka 1957, ya Martin Salgo, aliyepooza miguu baada ya kudungwa dawa ya kupigia picha mshipa mkuu wa damu bila kuelezwa hatari yake. Mahakama ilisema mgonjwa lazima aelezwe ili ridhaa yake iwe na maana. Lakini hapohapo ikasema daktari ana hiari ya kupima ni kiasi gani cha ukweli mgonjwa huyu anaweza kukibeba. Katz aliichimba hukumu hiyo akagundua kwamba maneno hayo jaji aliyachukua yalivyo kutoka kwenye hoja zilizowasilishwa mahakamani na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani. Haki ya mgonjwa ilizaliwa ikiwa na kufuli, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa daktari.

Mwaka 1972 ikaja kesi ya Canterbury dhidi ya Spence, mjini Washington. Kijana wa miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa mgongo bila kuambiwa kuna hatari ndogo ya kupooza, naye akapooza. Mahakama ya rufaa ilisema kipimo ni kile ambacho mgonjwa mwenye akili timamu angetaka kujua, si kile ambacho madaktari wamezoea kusema. Wanasheria walishangilia. Katz hakushangilia. Katika makala ya mwaka 1977 aliuliza, tena kwenye kichwa cha habari, kama ridhaa hii inayosifiwa si hadithi ya watoto. Alionyesha jinsi majaji walivyotangaza uhuru wa mgonjwa kwa sauti kubwa, kisha wakaweka masharti ya ushahidi na mianya mingi hivi kwamba daktari asiyetaka kuzungumza na mgonjwa wake angeweza kuendelea vilevile. Athari pekee aliyoiona kwa uhakika ilikuwa fomu. Hospitali zilichapisha fomu, wagonjwa wakasaini, mawakili wa bima wakalala usingizi.

Kitabu chake kilichosomwa zaidi kilitoka mwaka 1984, *The Silent World of Doctor and Patient*, kuhusu ukimya uliopo kati ya daktari na mgonjwa. Hapa mwalimu wa sheria anakuwa tena daktari wa akili. Anarudi hadi kwa Wagiriki, kwenye maandiko yanayomshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi wakati akimhudumia. Anapita kwenye kanuni za kwanza za chama cha madaktari wa Marekani za mwaka 1847, ambazo zilimtaka mgonjwa atii haraka bila kuingiza maoni yake mabichi. Hoja yake ni kwamba katika miaka zaidi ya 2,000 ya taaluma hii, kuamua pamoja na mgonjwa hakukuwamo hata siku moja. Wanaosema siku hizi madaktari wameacha kuzungumza na watu kama zamani wanaililia zamani ambayo haikuwapo. Daktari wa zamani alizungumza, ndiyo, kwa upole na kwa muda mrefu, lakini juu ya kila kitu isipokuwa uamuzi.

Kwa nini? Jibu rahisi ni kwamba mgonjwa haelewi, au anaogopa, au daktari hana muda. Katz hakuyadharau hayo, lakini aliamini mzizi uko kwingine. Daktari ananyamaza kwa sababu yeye mwenyewe hana uhakika, na hajafundishwa kuishi na hali hiyo mbele ya macho ya mtu mwingine. Tiba imejaa mambo yasiyojulikana: dawa hii itamfaa nani, uvimbe huu utarudi lini, upasuaji ni bora kuliko kusubiri au la. Madaktari huyajadili hayo wao kwa wao, kwenye mikutano na majarida, kwa uaminifu mkubwa. Wakifika kitandani, mashaka yote hutoweka, na sauti inayobaki ni ya mtu anayejua. Katz, kwa jicho la mchambuzi wa nafsi, alisema uhakika huo wa kuigiza unamtuliza daktari kwanza, mgonjwa baadaye.

Anatoa mfano wa msichana wa miaka 21, aliyempa jina la bandia la Iphigenia Jones, mwenye uvimbe wa saratani kwenye titi. Wakati huo desturi ya madaktari wengi wa upasuaji Marekani ilikuwa kuondoa titi zima. Daktari wake alikuwa amekusudia hivyo, lakini usiku wa kuamkia upasuaji hakutulia. Alikwenda kukaa naye, akamweleza kwa kirefu kwamba kuna njia nyingine, na kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani ipi ni bora. Msichana akachagua njia isiyoondoa titi. Baadaye kisa hicho kilipoelezwa mbele ya madaktari, wengi wao walikasirika: inawezekanaje kumwachia mtoto kama yule uamuzi mkubwa hivi? Mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, Machi 1985, timu ya mtafiti Bernard Fisher ilichapisha matokeo ya jaribio kubwa yaliyoonyesha kwamba wanawake wenye saratani ya hatua za mapema waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na wale waliokatwa titi zima. Uhakika uliowakasirisha wale madaktari haukuwa na msingi, na wanawake wengi walikuwa wameulipia.

Wapo waliompinga Katz kwa hoja nzito. Walisema anamtaka kila mgonjwa awe mwanafalsafa. Kwamba mtu mwenye maumivu hataki mhadhara, anataka mkono wa kushika. Yeye hakumnyima mgonjwa haki ya kusema, daktari, niamulie. Alichokataa ni daktari kujipa jibu hilo kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa. Na alijua desturi hubadilika. Mwaka 1961 uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya Chicago ulikuta takriban madaktari 90 kati ya 100 hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Uchunguzi wa aina hiyohiyo wa mwaka 1979, mahali pengine, ulikuta 97 kati ya 100 hupendelea kumwambia. Kizazi kimoja hakikutosha kuubadili ubongo wa wagonjwa. Waliobadilika ni madaktari.

Mwaka 1994 Rais Clinton aliunda kamati ya kuchunguza majaribio ya mionzi ya wakati wa Vita Baridi, baada ya gazeti moja la New Mexico kufichua majina ya watu waliodungwa madini ya plutoni bila kujua. Watu hao walikuwa 18, kati ya 1945 na 1947. Katz, sasa mzee wa miaka zaidi ya 70, aliketi tena chini ya uenyekiti wa Ruth Faden, na tena akaandika maoni yake ya peke yake. Alisema ulinzi wa wanaofanyiwa utafiti bado ni dhaifu, kwamba fomu zimekuwa nyingi na mazungumzo machache. Ripoti ilikabidhiwa rais Oktoba 3, 1995. Siku hiyohiyo mahakama ya Los Angeles ilitoa uamuzi wa kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, na runinga za Marekani hazikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Miaka miwili baadaye maswali ya Katz yalifika Afrika Mashariki, ingawa si yeye aliyeyaleta. Ilikuwa inajulikana tangu 1994 kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa utaratibu mrefu na wa gharama kubwa, hupunguza kwa thuluthi mbili maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Watafiti walitaka dozi fupi ambayo nchi maskini zingeimudu. Katika majaribio yaliyofanyika Tanzania, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko, baadhi ya akina mama walipewa vidonge visivyo na dawa ili kulinganisha. Septemba 1997 Marcia Angell, mhariri katika jarida la *New England Journal of Medicine*, aliyafananisha majaribio hayo na Tuskegee. Dunia ya utafiti ikawaka moto. Wajumbe wawili wa bodi ya jarida walijiuzulu. Dkt. Edward Mbidde, aliyeongoza kamati ya utafiti wa ukimwi nchini Uganda, alikuwa tayari amewaandikia Wamarekani kwamba huu ni utafiti wa Waganda, kwa watu wao, kwa manufaa ya watu wao. Februari 1998, matokeo ya Thailand yalipoonyesha dozi fupi inafanya kazi, vidonge vitupu viliachwa.

Nadhani Mbidde alikuwa na haki ya kukasirika. Kulinganishwa na Tuskegee kuliwafuta wataalamu wa Kiafrika kana kwamba hawakuwapo. Lakini mabishano yale ya wakubwa yalihusu zaidi vidonge. Jinsi mama mjamzito, aliyepimwa na kuambiwa ana VVU siku hiyohiyo, alivyoelezwa kwamba huenda atakachomeza hakina dawa, ilizungumzwa kwa uchache mno. Kwa Katz hapo ndipo ilipo kesi yenyewe.

Sheria zetu zimesonga. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Mwaka 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kumfunga kizazi mwanamke anayeishi na VVU bila ridhaa yenye kuelewa kulivunja haki zake. Kesi hiyo ilikuwa mahakamani tangu 2014.

Lakini ndani ya kifungu hichohicho cha 8 kuna upenyo. Daktari anaweza kutomwambia mgonjwa hali ya afya yake pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia ni kinyume cha maslahi yake. Ni mwanya uleule wa hukumu ya Salgo, miaka 60 baadaye. Kwetu una nguvu zaidi kwa sababu ya desturi: ndugu huvutwa pembeni ya wodi, huambiwa habari nzito, kisha wote hurudi kitandani na tabasamu. Najua wanaofanya hivyo wanampenda mgonjwa. Najua pia mzee aliyefichwa saratani yake hapati nafasi ya kugawa shamba, kumwita mwanawe aliyeko Muscat, wala kusema hataki kukatwa tena.

Sheria haisemi ushahidi huo wa kutosha uandikwe wapi, na nani ausome. Hapo pana kazi kwa walimu wetu wa sheria na wa tiba, na haihitaji fedha za wafadhili. Daktari anayeamua kumficha mgonjwa aandike sababu yake kwenye faili, kwa jina na tarehe, na daktari wa pili asiyehusika aisome ndani ya saa 24, akubali au akatae. Katz alilitaka Bunge la Marekani lifanye jambo la aina hiyo kwa watafiti mwaka 1973, maamuzi yaandikwe na yachapishwe, na hakulipata hadi alipofariki Novemba 2008, akiwa na miaka 86.